Kinga Nyepesi na Zamu ya Alhamisi

Kompyuta yangu ilikuwa inaganda, na baba yangu alikuwa anasahau. Mwaka wangu ule wote ulikuwa huo.

Nina steshenari ndogo Same mjini, si mbali na stendi. Laptop moja, printa moja, na mashine ya fotokopi yenye siku zake za kuugua. Nachapa barua za kuomba kazi, mikataba ya viwanja, ratiba za harusi, wasifu za marehemu. Nachapa kwa vidole kumi bila kuangalia chini, na sisemi hivyo kwa unyenyekevu. Ndicho kitu pekee duniani nilichojifunza nikakijua kweli.

Baba anaishi mlimani, upande wa Myamba, kwenye nyumba ileile tuliyozaliwa. Miaka mingi alikuwa mtunza ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la kuchimbwa, wazee wetu walilijenga juu ya mashamba. Maji ya kijito yanajikusanya humo mpaka alfajiri, asubuhi linazibuliwa, yanashuka kwa mfereji hadi kwenye shamba la mwenye zamu. Kila ukoo una siku yake. Nani ana siku ipi na aliipataje, nani alimwazima nani nusu siku wakati wa njaa, nani walibadilishana walipooleana, yote hayo yalikuwa kichwani mwa baba. Zamani kulikuwa na daftari la babu. Mchwa walilila pamoja na sanduku lake.

Sisi siku yetu ilikuwa Alhamisi. Kiangazi, hapo ndipo tangawizi na maharage ya baba yalipopata uhai. Basi familia ya shamba la chini ikaanza kusema kwamba Alhamisi ni yao, eti babu yetu aliazimwa tu akasahau kurudisha. Kamati ya ndiva, ambayo siku hizi ni ya watu wazima wa rika langu, ikatangaza kwamba kabla ya kiangazi zamu zote ziandikwe upya, pamoja na maelezo yake. Asiye na maelezo, siku yake inagawiwa upya.

Baba alicheka. "Wataandika nini bila mimi?" akasema.

Mimi sikucheka. Krismasi ile alikuwa ameniuliza mara tatu mama amekwenda wapi, na mama yuko pale nje kwenye migomba, kaburi unaliona ukiwa mlangoni. Nikawapigia kaka zangu Dar. Wakaniambia, wewe ndiye uko karibu, fanya utakavyoona. Haya. Nikapiga moyo konde nikaamua: kila Jumamosi nafunga ofisi, napanda mlima, baba anasema, mimi naandika, mpaka ndiva nzima itoke kichwani mwake kabla hakijafunga.

Kuna watu wananiuliza kwa nini sikumrekodi kwa simu. Jamani, kwani sikujaribu? Ukiiweka simu mbele yake anasema "Haloo," kisha ananyamaza, anamsubiri mtu ajibu. Tulikaa hivyo karibu saa nzima siku ya kwanza, yeye akiisikiliza simu na mimi nikimsikiliza yeye. Kalamu nayo hataki. Alisema daftari ni chakula cha mchwa, hawezi kuwapikia mara ya pili. Na mimi nikafurahi, nisidanganye. Nilitaka anione nikichapa.

Jumamosi ya kwanza ya laptop nilitamani ardhi ipasuke. Baba aliketi kwenye kigoda chake, amevaa koti la kanisani, akaanza vizuri kabisa: Jumatatu ya nani, kwa sababu gani, mipaka ya mfereji kuanzia kwenye jiwe jeupe. Nikachapa mistari minne. Ghafla mshale ukageuka kiduara, kikawa kinazunguka. Herufi hazitoki. Pembeni pakatokea kidirisha kunijulisha kwamba antivairasi inakagua kompyuta yangu, nisiwe na wasiwasi.

"Subiri kidogo, baba," nikasema.

Akasubiri. Kiduara kikazunguka. Kilipoacha, nikamwambia endelea.

"Niendelee na nini?" akaniuliza.

"Jumatatu, baba. Jiwe jeupe."

"Jiwe lipi?"

Hivyo ndivyo tulivyoshinda siku ile. Yeye alikuwa anafunguka dakika tano, mashine inaganda kumi, na ikizinduka yeye ameshapotea. Niliteremka Same na ukurasa nusu. Nilikuwa na hasira ya kutafuna mawe.

Jumatatu yake nikaibeba laptop mpaka kwa fundi. Ni baba mmoja wa makamo aliyeanza na kutengeneza redio, na mpaka leo anainamisha sikio kwenye kompyuta kama anayesikiliza stesheni. Akaiwasha, akasubiri, akasubiri, akanitazama juu ya miwani.

"Mama, hapa ndani una antivairasi mbili."

"Si ndiyo salama zaidi?"

"Mbili!" Akaguna. "Hizi zinapekuana zenyewe kwa zenyewe. Mashine yako ina ram ya gigi mbili tu. Ni chumba kimoja cha kupanga, na wewe umeingiza askari wawili na vitanda vyao. Utalala wapi?"

Moja, aliyeniuzia laptop ndiye aliyeiweka. Ya pili niliiweka mwenyewe, baada ya mteja mmoja wa benki kuniambia ndiyo wanayotumia wakubwa. Ilikuwa na kila kitu: inachunga barua pepe, inachunga kamera, inasafisha takataka, na kila asubuhi inakula bando langu kwa kujiapdeti kabla mimi sijanywa chai. Nilikuwa ninaionea fahari, mweh.

Nikamwambia fundi nataka nyepesi. Nikamweleza na habari za baba, maana nilikuwa nimejaa mpaka hapa. Akaacha kutania. Akaziondoa zote mbili, na mabaki yake, kazi iliyochukua nusu siku. Kisha akanifundisha jinsi ya kuchagua, na nasema kweli, alinifundisha vizuri. Usitazame inajisifu nini, akasema, tazama inakula ram kiasi gani ikiwa imekaa tu haina kazi. Tazama apdeti zake ni kubwa au ni ndogo za mara kwa mara. Isiwe na vikorokoro. Iwe unaweza kuipangia siku ya kukagua mashine nzima. Akaweka moja ndogo, alama yake inakaa kimya kwenye kona, akaipangia ikague Jumapili, siku ambayo ofisi imefungwa.

"Lakini usiizime," akaniambia. "Ukishaanza kuizima, hiyo si kinga tena. Na cha baba yako kiweke na mahali pengine."

Nikaitikia. Nikanunua flashi mpya kwa ajili ya kazi ya baba peke yake, nikaichomeka ubavuni mwa laptop, nikaiacha humohumo isije ikapotea. Mniache kwanza, msinicheke.

Ile kinga nyepesi ilikuwa nyepesi kweli. Mashine ikapumua. Lakini kila nilipohifadhi faili ilikuwa inaligusa kidogo, inalinusa, sekunde kumi, kumi na tano. Kwa mteja wa Same sekunde kumi na tano si kitu, anazitumia kukohoa. Kwa baba zilikuwa nyingi. Jina la mtu lilikuwa linamtoka likiwa mdomoni.

Baba mwenyewe ndiye aliyeligundua. Alikuwa na siku zake ambazo akili ilirudi yote, unaweza kudhani tumemsingizia. Siku hiyo alinitazama nikigonga meza kwa kidole, akauliza hiki chombo kinasinzia kwa nini. Nikamwambia kuna mlinzi ndani, kila neno likipita lazima alikague.

"Analinda dhidi ya nani?"

"Dhidi ya uchafu wa watu, baba. Wateja wanakuja na flashi zao."

"Hapa kuna mteja?"

"Hakuna."

"Sasa unamgawia mlinzi siku yangu kwa nini?" Alishangaa kweli, alinishangaa mtoto wa mtunza ndiva. "Mpe zamu yake. Yeye Jumatatu mpaka Ijumaa, mimi Jumamosi. Mbona ni kitu kidogo?"

Kwetu hakuna ugomvi wa kugawana ambao hautatuliwi kwa zamu. Maji tunagawana kwa siku, malisho kwa siku, hata kumuuguza bibi tuligawana kwa siku. Ilinikaa akilini mara moja. Ilikuwa haki kabisa. Nikaifungua ile alama ya kwenye kona, nikaizima kinga, na laptop ikaanza kukimbia. Nilimkumbatia baba. Fundi alikuwa amenionya, ndiyo, lakini fundi hakuwa mtu wa ndiva.

Tulipata miezi miwili na nusu. Siwezi kuiita kwa jina jingine, ilikuwa miezi ya furaha. Baba alisema, mimi nikachapa, hakuna kiduara. Jumatatu ikaisha, Jumanne ikaisha. Akanisimulia hata visa visivyohusika, nani alikamatwa akiiba maji akasema ng'ombe ndiye aliyezibua. Alipokwama nilimsomea alichosema wiki iliyopita, akashika njia tena. Alhamisi tuliifanya kwa Jumamosi mbili. Alieleza yote: babu alichimba upande wa mwamba ambao wengine waliukimbia, akavunjika mguu, koo zote zikakaa zikampa siku nzima, si nusu, wakachinja mbuzi, na waliokula akawataja mmoja mmoja. Na katika waliokula alikuwemo babu wa hao wa shamba la chini. Niliruka. Nikamwambia baba, hapo tumewamaliza.

Na sasa niseme jambo linalonitia aibu kuliko yote. Printa ninayo. Nawachapishia watu wa Same nzima. Cha baba sikukichapisha hata ukurasa mmoja, kwa sababu kilikuwa hakijaisha. Nilikuwa nasubiri Jumapili yake ikamilike, nikiweke jalada, nikizungushie mistari pembeni kama vyeti, nimpelekee kwenye kamati kikiwa kizuri.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa tunamalizia Ijumaa. Mchana akaja jirani, mama mmoja wa usharika wetu, amejifunga kanga mbili, uso umevimba. Shemeji yake alikuwa amefariki Dar, mwili unafika jioni, mazishi kesho. Wasifu wa marehemu uliandikwa na watoto huko mjini, uko kwenye flashi, lakini umekosewa: wamemruka mke wa kwanza na watoto wake. Wakiusoma hivyo kaburini watu watapigana. Akaniomba niurekebishe, asubuhi usharikani kuna printa.

Nani kwetu anamkatalia mtu wa msiba? Sikumkatalia. Sikufikiri hata mara moja. Nikaichomeka flashi yake, nikamweka mke wa kwanza mahali pake na watoto wake wanne, nikauhifadhi, nikampa flashi yake, nikamwambia pole sana mama. Akanibariki. Baba naye akasema nimefanya vyema, marehemu asizikwe na uongo.

Ilikuwa Jumamosi. Mlinzi hakuwa zamu.

Jumatatu nilifungua ofisi, nikamwashia mlinzi wake kama kawaida, nikataka kumchapishia mwalimu mmoja barua yake. Haifunguki. Nikajaribu nyingine. Haifunguki. Mafaili yote yalikuwepo, kwa majina yake, lakini kila jina limeota mkia wa herufi zisizosomeka. Katikati ya kioo pakakaa maandishi ya Kiingereza yenye rangi nyekundu, yakidai malipo kwa fedha ambayo mimi sijawahi kuiona. Nikaifungua flashi ya baba, ile iliyokaa ubavuni muda wote. Nayo ilikuwa hivyohivyo, mikia mitupu.

Nilikwenda kwa fundi mbio, ofisi nikaiacha wazi na mwalimu wa watu amesimama. Fundi alitazama kwa muda mrefu. Hakunilaumu, na ningependa angenilaumu.

"Vimo," akasema, "lakini vimefungwa kwa ufunguo ambao mimi sina. Hata ukiwalipa, sidhani kama watakupa."

"Fundi, ni ya baba."

"Najua, mama."

Akanikalisha kwenye kibenchi chake. Nililia pale mbele ya wateja wake, kamasi na machozi, bila aibu.

Usiniulize kama nilikumbuka niliyoyachapa. Hilo nimejiuliza mpaka nimechoka. Mchapaji hasikilizi. Maneno yanaingia sikioni yanashukia vidoleni, kichwa kiko mbali kinafikiria kitoweo. Ndivyo unavyokuwa na kasi. Kisa cha mbuzi nilikikumbuka kwa sababu nilifurahi, lakini majina ya waliomla, na mpangilio wa siku za watu, na nani aliazima nini, sikuwa nayo. Vidole vilikuwa nayo, na vidole havisemi.

Jumamosi nikapanda na daftari. Mchwa au si mchwa, nikasema potelea mbali. Nikamwamkia, "Shikamoo baba," akaitikia, "Marahaba mama," nikamwekea makande yake, tukala. Sikumwambia kilichotokea. Nikafungua daftari kana kwamba ni mchezo tu.

"Baba, tuirudie Alhamisi kidogo. Ilikuwaje?"

Akalitazama lile daftari. "Hayo nilishayasema."

"Ndiyo, lakini turudie."

"Yako kwenye mashine. Kwa nini nirudie?"

Nikabembeleza. Nikamtajia mwamba, nikamtajia mguu wa babu. Akageuza uso akaangalia nje. Nikaona mkono wake unavuta kitufe cha koti, unavuta, unavuta. Hapo nikaelewa, na roho iliniuma mpaka leo haijapoa. Hakuwa anakataa. Hakuwa na kitu tena. Alikuwa ameniachia mimi vyote, siku moja baada ya nyingine, akatua mzigo akashukuru, na kila alichokitua hakukishika tena. Alichobaki nacho ni ile sentensi moja ya kumwokoa asiaibike mbele ya mwanawe: yako kwenye mashine.

"Kweli, baba," nikasema. "Nimesahau tu. Yamo." Nikafunga daftari.

Kikao cha kamati kilifanyika darasani, shule imefunga. Baba alikataa kubaki nyumbani. Akavaa koti, akakaa mstari wa mbele, na watu wote wakampa heshima yake. Familia ya shamba la chini walikuja na karatasi moja, imeandikwa kwa mkono, imejaa uongo, lakini karatasi ni karatasi. Mwenyekiti akaisoma. Kisha akamgeukia baba kwa adabu.

"Mzee wetu, wewe ndiye ulikuwa mtunza. Alhamisi tuelezee."

Baba akasimama. Alisimama wima kabisa. Akaangaza darasa zima, akatabasamu kwa raha ya mtu aliyejiandaa.

"Sina haja ya kuwachosha," akasema. "Nimemweleza binti yangu zamu zote, za kwetu na zenu. Yamo kwenye mashine yake. Muulizeni." Akaketi.

Wakanigeukia wote. Laptop nilikuwa nayo mapajani. Sijui niliibebea nini, nadhani ni kwa sababu yeye aliniuliza asubuhi kama nimeichukua. Nikasema mashine imeharibika. Nikajaribu kueleza mbuzi na mguu wa babu. Mwenyekiti akauliza nani waliokuwepo, niwataje. Sikuweza. Mmoja wa wale wa shamba la chini akasema, kwa sauti ya kusikika, kwamba mashine za watu huwa zinaharibika siku ya kikao. Watu wakacheka kidogo. Ningekuwa yeye ningesema hivyohivyo.

Waliamua palepale, na sikuona kama wamemwonea mtu. Alhamisi ikaenda chini. Tukaachiwa maji yatakayobaki, na kiangazi hakuna kinachobaki. Njiani kurudi baba alinishika mkono kwenye mteremko, akaniambia nimesema vizuri.

Tangawizi ilikauka mwezi uliofuata. Laptop fundi aliifuta yote akaanza upya, akaweka ileile kinga nyepesi, na sasa sijawahi kuizima hata dakika moja. Inafanya kazi vizuri sana. Haina cha kulinda ila barua za watu.

Siku hizi Jumamosi nafungua ofisi. Siku ninayofunga ni Alhamisi. Maana Alhamisi asubuhi ndiva ikizibuliwa, maji yanapita kwenye mfereji ulio nyuma ya nyumba yetu yakielekea chini, na hiyo sauti baba hajaisahau. Anaisikia kabla ya mtu yeyote. Anaamka, anavaa mabuti, anachukua jembe, anatoka kwenda kuyageuza yaingie shambani. Mara ya kwanza alikwenda peke yake, wale wa chini wakamkuta, wakamnyang'anya jembe mbele ya watoto wao. Kwa hiyo Alhamisi nawahi gari la kwanza, na nikikawia jirani anamzuia mpaka nifike. Namkuta mlangoni na jembe lake begani, nje maji yanapita.

"Leo si Alhamisi?" ananiuliza.

"Hapana baba. Leo Jumatano."

Ananitazama, anasikiliza maji, ananitazama tena. Mimi ndiye niliyeandika kila kitu, ananiamini.

"Basi kesho," anasema, na anarudisha jembe ndani.